Baridi ya Juni inasingiziwa: pumu na vyumba tunavyolala

Muulize mtu wa Njombe au Makete, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kwa nini pumu hubana zaidi Juni na Julai, atakujibu kwa neno moja: baridi. Jibu hilo lina ukweli, ila ni robo tu ya ukweli. Hewa ya baridi iliyo kavu, ikivutwa kwa kasi, huikausha mirija ya hewa. Mirija inajikaza, kifua kinaanza kupiga filimbi. Lakini hilo huwapata watu nje, asubuhi, wakipanda mlima au wakikimbia kuwahi gari. Mbona basi wengi hubanwa saa nane au saa tisa usiku, wakiwa ndani, wamejifunika mablanketi mawili?

Mwili wenyewe una tabia ya kubana mirija kidogo kuelekea alfajiri, na hiyo ni sehemu ya jibu. Sehemu kubwa iliyobaki imo chumbani. Baridi ikianza, dirisha linazibwa kwa kitambaa, jiko la mkaa linaingizwa ndani, mablanketi yanatolewa kwenye sanduku yalikokaa tangu Septemba, mahindi mapya yanapangwa pembeni ya kitanda, na watoto watatu wanalala pamoja na mwenzao mwenye mafua. Baridi tunaiona na kuihisi, kwa hiyo lawama zote inabeba yenyewe. Hivyo vingine hatuvitaji hata kidogo, na ndivyo tunavyoweza kuviondoa.

Mtu mwenye pumu ana mirija iliyovimba kwa ndani muda wote, hata siku anayojisikia mzima. Kichochezi kinapoingia, misuli inayoizunguka mirija hujikaza, makohozi yanaongezeka, na njia ambayo tayari ilikuwa nyembamba inazidi kuziba. Tena vichochezi hujumlishana. Mtu anaweza kuvumilia vumbi peke yake, akavumilia moshi kidogo peke yake, lakini akipata mafua wiki hiyo hiyo, vumbi na moshi ule ule wa kila siku vinamlaza hospitali. Ndiyo maana kupunguza kichochezi kimoja kuna faida hata kama vingine huna uwezo navyo.

Kitanda kwanza

Kwenye godoro, mito na mablanketi wanaishi utitiri wa vumbi, wadudu wadogo kiasi kwamba macho hayawaoni. Wanakula magamba ya ngozi yetu yanayopukutika. Hawanywi maji, unyevu wanaufyonza kutoka hewani, na kwa hiyo maeneo yenye ukungu na mvua nyingi kama Rungwe na Busokelo yanawafaa sana. Kinachochokoza mirija hasa ni kinyesi chao, ambacho kikikauka kinakuwa unga mwepesi unaoruka kila unapojigeuza kitandani. Kuwaua tu hakutoshi. Lazima uchafu wao utoke, na hiyo ni kazi ya maji.

Maji yanayowaua ni ya nyuzi joto 55 hadi 60 na kuendelea. Sasa, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 94, si 100. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji ya bomba ya asubuhi ya Juni utapata kama nyuzi 54, na ukitumbukiza blanketi la baridi yanashuka zaidi. Kwa beseni la lita 20, tumia lita 14 za maji yaliyochemka na lita 6 za baridi. Yatakuwa karibu nyuzi 70 kabla nguo haijaingia. Zamisha blanketi kwa mti, si kwa mikono, funika beseni, liache dakika 15 hadi 20, kisha fua kwa sabuni kama kawaida na suuza mara mbili. Watoto wakae mbali na beseni hilo.

Blanketi la sufu halifai maji ya moto, litasinyaa. Lifue kwa maji ya kawaida na ulisuuze mara nyingi: wadudu wengine watabaki hai, lakini kinyesi kingi kitaondoka. Lianike juani mpaka likauke kabisa, hata kama ni siku mbili. Blanketi lililokunjwa na unyevu ndani yake linaanza kuota ukungu humo humo sandukuni.

Muda wa kufanya haya ni Mei, mvua zikiisha na jua likiwepo, kabla usiku haujawa mkali. Siku ya Pumu Duniani huangukia Jumanne ya kwanza ya Mei. Kwa mikoa yetu hiyo ni tarehe nzuri ya kutoa mablanketi yote nje. Kosa ninaloliona likirudiwa ni kulitoa blanketi sandukuni usiku wa kwanza wa baridi na kulijifunika hapo hapo, likiwa na vumbi la miezi minane.

Mashuka na foronya zifuliwe kila wiki. Godoro livalishwe kava la plastiki au la kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, lenye zipu, halafu shuka juu yake, na kava lenyewe lipanguswe kwa kitambaa chenye maji kila unapobadilisha shuka. Mto wa sufi au wa vipande vya sponji uliotumika miaka kumi hauna dawa. Nunua mwingine, uvalishe kava tangu siku ya kwanza. Kama kuna fedha ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu, mimi ningenunua kava la godoro na la mto kabla ya kufikiria zulia au pazia jipya. Na zulia, kama lipo chumbani kwa mgonjwa, lihamishiwe sebuleni.

Usafi wenyewe unaweza kuwa kichochezi. Fagio la chelewa kwenye sakafu kavu linarusha vumbi ambalo linaelea kwa muda mrefu baada ya mfagiaji kuondoka. Sakafu ya saruji ipigwe deki. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kidogo, kiasi cha kulaza vumbi bila kuacha tope, ndipo ifagiliwe. Mwenye pumu asiwe ndiye anayefagia, na akae nje angalau nusu saa baada ya kazi kuisha. Dirisha lifunguliwe kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, jua likiwa limekausha hewa. Usiku unaweza kulifunga, lakini acha upenyo.

Jiko la mkaa chumbani

Hapa sina lugha ya kupamba. Jiko la mkaa lisiingie katika chumba cha kulala, liwe linatoa moshi au limeshakuwa jekundu. Mkaa unaoanza kuwaka unatoa moshi unaobana kifua. Ukishaiva na moshi kuisha, watu hudhani uko salama, kumbe unaendelea kutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoingia kwenye damu na kuzuia oksijeni. Inaua aliye na pumu na asiye nayo, usingizini. Joto la usiku litafutwe kwa njia nyingine: chupa ya mpira ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo na kuwekwa kitandani nusu saa kabla ya kulala, soksi, kofia, na blanketi lililoota jua mchana.

Jikoni tatizo ni kuni mbichi. Gogo la mkaratusi au la muwati lililokatwa wiki iliyopita limejaa maji. Moto unatumia nguvu kuyakausha kwanza, joto linapungua, na sehemu kubwa ya kuni inaondoka kama moshi badala ya kuungua. Kuni zipasuliwe ziwe nyembamba kama kifundo cha mkono, zipangwe chini ya paa huku hewa ikipita katikati, zikae miezi sita. Ukigonganisha vipande viwili vikavu utasikia mlio mkali. Vibichi hutoa mlio uliofifia. Wanaotumia mabanzi na maranda kutoka mashine za mbao za Mufindi wahakikishe ni makavu, maana maranda mabichi hufuka siku nzima.

Jiko la mafiga matatu kwenye nyumba ileile ya kulala ndilo baya kuliko yote. Jiko banifu la udongo lenye bomba la kutoa moshi linasaidia, kwa sharti kwamba bomba lipite juu ya paa na lisafishwe masizi. Likiziba, moshi wote unarudi ndani. Gesi ni bora kama mfuko unaruhusu, hata ikiwa ni kwa chai ya asubuhi tu. Mtoto asipikiwe akiwa mgongoni. Mama anaweza kuinama pembeni kukwepa moshi, lakini pua ya mtoto iko kwenye usawa ambao mama hauoni. Kibatari nacho ni jiko dogo la masizi. Kiondoe chumbani, uweke taa ya sola. Na dawa ya mbu ya kuchoma, udi, ubani, sigara: vyote ni moshi, mwili hautofautishi kwa harufu nzuri.

Mahindi yakilala na watu

Kuanzia Mei hadi Agosti mahindi yanaingia nyumbani, na kwa hofu ya wezi yanawekwa chumbani. Gunia la mahindi linaleta mambo manne pamoja: pumba na vumbi la kupukuchua, vimelea vya ukungu kama hayakukauka vizuri, panya, na dawa ya unga ya kuhifadhia. Mkojo na manyoya ya panya ni kichochezi kikali, vivyo hivyo mabaki ya mende.

Kama hakuna stoo, tumia mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wadudu wanakufa kwa kukosa oksijeni, kwa hiyo hutahitaji dawa ya unga. Lakini mahindi lazima yawe makavu kwelikweli. Kipimo cha nyumbani: weka punje kama kikombe kimoja kwenye chupa ya kioo iliyokavu, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Kazi ya kupukuchua na kupepeta ifanyike nje, upande ambao upepo unapeleka vumbi mbali na nyumba, na mwenye pumu apewe kazi nyingine. Kuku nao wanaolala jikoni wajengewe banda lao.

Kwa nyumba za Tukuyu ambazo ukuta unatoa unyevu na madoa meusi, kusugua bila kutibu chanzo ni kazi ya kurudia kila mwezi. Angalia kama maji ya paa yanamwagika kwenye msingi. Mfereji wa kuyapeleka mbali na ukuta ndiyo dawa. Doa lisuguliwe kwa brashi na maji ya sabuni, likaushwe, na nguo zisitundikwe kugusa ukuta huo. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo chumbani kwa mgonjwa wa pumu, mvuke wake unabana. Ukiichanganya na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya sumu.

Kazini na shambani

Kuna vumbi ambalo watu wa huku hulivuta kwa ajili ya riziki bila kujua linahusiana na kifua chao. Maua ya pareto yanayokaushwa ni mojawapo: vumbi lake linajulikana kusababisha mafua ya mzio na pumu kwa wanaolishika, nasi tunaliona kama zao salama kwa sababu ni la asili. Kuna vumbi la kahawa mbichi inayokobolewa na kupakiwa Mbozi, vumbi la majani ya chai viwandani, unga wa mashine za kusaga, na vumbi la mbao kwa mafundi seremala. Dalili ya kazi kuwa chanzo ni rahisi kuifuatilia: kifua kinakuwa na nafuu siku za mapumziko au ukisafiri wiki moja, na kinarudi kubana siku ya pili ya kurejea kazini. Ukiona hivyo, mweleze daktari kazi unayofanya kabla hajauliza. Mtu akiendelea kuvuta vumbi lililomzalia mzio, pumu inaweza kubaki hata akiacha kazi baadaye.

Kitambaa cha kufunga mdomo kinazuia vumbi kubwa la barabarani, lakini si lile laini linalofika ndani ya mapafu. Barakoa ya N95 iliyobana vizuri usoni ndiyo inayofaa. Pareto ianikwe mbali na dirisha la kulala, wala isihifadhiwe chumbani ikisubiri mnunuzi.

Agosti hadi Oktoba ni msimu wa kuchoma mashamba, na moshi unaweza kutanda bondeni siku nzima bila upepo. Siku hizo madirisha yafungwe mpaka moshi upungue, na mazoezi yaahirishwe. Kuhusu chavua, watu hunyooshea kidole maua yenye rangi, kama yale ya Hifadhi ya Kitulo. Maua yanayovutia nyuki yana chavua nzito na yenye kunata, mara nyingi haifiki puani. Nyasi ndizo zenye chavua nyepesi inayobebwa na upepo, hasa mvua zinapoelekea kuisha. Kata nyasi za karibu na nyumba kabla hazijatoa suke.

Kwa hewa ya asubuhi yenyewe, funika pua na mdomo kwa skafu au mtandio, pumua kwa pua, na anza taratibu kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kukimbia au kubeba mzigo. Mazoezi hayakatazwi. Mtoto wa pumu anayezuiwa kucheza mpira anahitaji tiba bora. Kumwekea kiti pembeni si tiba.

Dawa za maumivu, na vyakula vinavyoonewa

Baadhi ya watu wazima wenye pumu hubanwa vibaya na aspirini, diklofenaki au ibuprofeni, dawa ambazo hununuliwa dukani kama peremende. Kama iliwahi kukubana, parasetamo ndiyo kwa kawaida mbadala salama. Propranololi ya presha au ya mapigo ya moyo, na hata matone ya macho ya timololi, yanaweza kubana mirija. Mwambie anayekuandikia dawa kwamba una pumu.

Vyakula vinaonewa. Maziwa, mayai, ndizi na parachichi wananyimwa watoto wenye pumu bila sababu, na mtoto anadhoofika. Chakula huwa kichochezi kwa wachache, na kwao dalili huonekana haraka baada ya kula, mara nyingi pamoja na vipele au uvimbe wa midomo. Kula sana na kulala papo hapo ni habari nyingine: asidi ya tumbo ikipanda inaweza kuchokoza kifua usiku. Kaa saa mbili au tatu kabla ya kulala.

Ili kujua lililo lako, weka daftari kwa wiki nne: saa uliyobanwa, ulikuwa wapi, kulikuwa na moshi, vumbi au mafua, na umetumia dawa mara ngapi. Kikohozi kikifikisha wiki mbili, na hasa kikiwa na homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito, kapime kifua kikuu kwanza. Si kila kifua kinachobana ni pumu.

Inhela

Usafi wote huu hauchukui nafasi ya dawa ya kupunguza uvimbe wa mirija, ile inayovutwa kila siku kwa inhela, kifaa cha kupulizia dawa mdomoni, mara nyingi ya rangi ya kahawia. Ile ya bluu, salbutamoli, inafungua mirija kwa saa chache tu na uvimbe unabaki palepale. Anayehitaji ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki hajadhibitiwa, arudi kwa daktari. Imani kwamba inhela inazoesha mwili, au ni ya mtu aliye karibu kufa, imegharimu watu wengi mno. Baada ya kuvuta ya kahawia, sukutua mdomo na uteme, usije ukapata utando mweupe mdomoni.

Wengi huishia kuipulizia ulimi. Chupa ya plastiki ya nusu lita inatatua hilo. Ioshe kwa maji ya sabuni na iache ikauke yenyewe bila kuipangusa ndani. Toboa kitako kwa waya wa moto, tundu lilingane sawasawa na mdomo wa inhela, ziba nafasi kwa gundi ya utepe, iache hewani mpaka harufu iishe. Tikisa inhela, chomeka, pulizia mara moja, vuta na kutoa pumzi mara tano au sita kupitia mdomo wa chupa, ndipo upulizie ya pili. Mitungi mingi ya salbutamoli ina mipulizo 200. Hesabu, usiizamishe kwenye maji kuona kama inaelea. Na kwa wa Makete: mtungi uliolala kwenye baridi kali unatoa dawa pungufu. Ulale nao karibu na mwili, na ukiwa umepoa, utoe kwenye plastiki yake na uupashe viganjani.

Mtu akibanwa: mkalishe wima, mlegezee nguo, mpulizo mmoja wa bluu kila nusu dakika hadi dakika moja, mpaka mipulizo 10. Akishindwa kumaliza sentensi, ngozi ya katikati ya mbavu ikizama, midomo ikigeuka rangi, akisinzia, au filimbi ya kifuani ikanyamaza ghafla huku bado anahangaika, usimalize kuhesabu. Safari ianze na mipulizo iendelee njiani. Kwa bodaboda, mgonjwa akae katikati, kifua kikiwa wima, msaidizi nyuma yake akimshika na kushika chupa, skafu ifunike pua na mdomo bila kukaza shingo. Asilazwe chali hata kama amechoka.